Barua kwa mwanangu: ninachofanya uani siku nzima

Sahare, Tanga
Novemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na anauliza kama kikohozi cha mjukuu wetu kimekwisha. Mvua za vuli zimeanza wiki iliyopita, zimenyesha siku mbili usiku kucha, na asubuhi hii ardhi yote inanukia.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza hivi: "Baba, tangu ustaafu huu ni mwaka wa tatu. Siku nzima unafanya nini hapo nyumbani, na huoni upweke? Chumba chenu huku Dodoma kiko tayari." Najua swali hilo limetokana na mapenzi, ndiyo maana sikutaka kulijibu kwa simu, kwa sababu kwenye simu ningekuambia tu kwamba sijambo, nawe ungebaki na wasiwasi wako. Nimeona bora nikae barazani nikuandikie kwa utulivu.

Kazi niliyoifanya unaijua. Kwa zaidi ya miaka 30 nilikuwa karani wa shehena bandarini, katika enzi ambazo meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, mizigo ikaletwa nchi kavu kwa matishari, nasi makarani tukasimama juani kuhesabu magunia na marobota ya katani, kila robota kilo 250, tukiandika kwenye daftari mpaka jua lizame. Kazi ile ilinifundisha kutazama, maana robota likikupita bila kuandikwa, jioni hesabu haikubali. Nilipofikisha miaka 60 na kukabidhi ofisi, niliingiwa na hofu ambayo sikumwambia hata mama yako: niliogopa kwamba macho haya hayatakuwa tena na kitu cha kutazama. Mwanangu, sasa niko kwenye daftari la nne, na yote manne yanahusu ua wetu huu unaoujua, wenye mwembe mmoja, minazi mitatu, mipapai na banda la kuku.

Alfajiri nikishaswali sirudi kitandani. Naketi kwenye benchi nililolitengeneza kwa mbao za kitanda chenu cha utotoni, nikiutazama mnazi ulio karibu na jiko, ambao wamehamia ndege waitwao mnana. Dume, mwenye kichwa cheusi na mwili wa manjano, huchana ukuti kwa mdomo, akaruka na uzi mrefu wa kijani, kisha akausuka kwa mdomo na miguu mpaka kiota kining'inie kama kibuyu kidogo chenye mlango chini. Akimaliza hujining'iniza mlangoni, akapiga mbawa na kelele kuwaita majike. Jike huja, huingia, hukagua, na mara nyingi huondoka zake. Kiota kikikaa bila kukubaliwa mpaka majani yakageuka kahawia, dume hukifumua mwenyewe na kuanza kingine, kwa kuwa majike hupenda kilicho kibichi. Juzi nimehesabu viota 23 kwenye mnazi huo mmoja. Kuna dume mmoja ambaye nimeandika kwamba amesuka mara nne, na jana saa mbili asubuhi jike aliingia kwake akakaa. Nilimwita mama yako aache chai aje aone, naye alikuja.

Mradi wangu wa kwanza baada ya kupokea kiinua mgongo ulikuwa wa maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya meta moja ya mraba hutoa lita moja, na paa letu la bati lina meta za mraba 80, kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 20 ilikuwa inamwaga lita 1,600 mtaroni huku sisi tukinunua maji ya madumu. Nilifunga mifereji, nikaweka tenki la lita 5,000, na bomba la pembeni la kutoa maji ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege. Tangu hapo mchicha, matembele na bamia za mama yako havijakauka hata wakati wa kaskazi. Chini ya mwembe nimeweka karai pana lenye mawe ndani yake, ili ndege na nyuki wapate pa kutua wanapokunywa, na maji yake nayabadilisha kila baada ya siku mbili ili mbu wasipate nafasi ya kuzaliana.

Lakini kazi ambayo imenifundisha zaidi ni ya minazi, nayo nataka kukueleza kwa urefu, kwa sababu ilianza na kosa langu. Unawakumbuka maji moto, wale wadudu wekundu wa mwembeni waliokuwa wakikung'ata ulipopanda kuchuma maembe. Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilikuwa na muda mwingi na ujuzi mdogo. Nilinunua dawa, nikakodi pampu, nikapulizia mwembe wote, kisha nikapulizia na minazi, na baada ya wiki moja hapakuwa na maji moto hata mmoja uani. Nilifurahi sana. Miezi michache baadaye vidaka, yaani nazi changa, vikaanza kupukutika. Kila asubuhi nilivikuta chini ya minazi, vingine vikubwa kama ngumi, vikiwa na madoa na utomvu uliogandia, na kwa mwaka ule karibu wote hatukunywa dafu la mnazi wetu. Mama yako alinunua nazi sokoni, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

Aliyenifumbua macho ni bwana shamba mmoja mstaafu wa mtaa wa pili. Alikiokota kidaka, akanionyesha doa, akasema limetokana na mdudu mwembamba wa rangi ya kahawia anayefyonza vidaka vikiwa bado laini, na kwamba adui mkubwa wa mdudu huyo ni maji moto, ambao mimi nimewaua wote kwa mkono wangu. Sikulala vizuri usiku ule. Kesho yake tulikwenda kwa jirani mwenye mwembe mkubwa, tukakata matawi mawili yenye viota kukiwa bado na baridi, tukayatia gunia na kulifunga, kisha tukayatundika kwenye minazi yangu. Halafu nikafunga kamba kutoka mwembeni hadi mnazi wa kwanza, kutoka huo hadi wa pili, na hadi wa tatu, ili wapite juu kwa juu, kwa kuwa wakipita chini hukutana na sisimizi wengine wa ardhini wanaowashambulia. Kamba niliyotumia ni ya katani. Nilipokuwa nikiifunga nilikumbuka marobota yote niliyoyahesabu, yaliyopakiwa yakaenda nchi ambazo sikuziona, na nikafurahi kwamba katani kidogo imebaki kwangu na ina kazi.

Sasa kamba hizo ni barabara. Nikisimama chini nawaona wakipishana, wengine wamebeba mbawa ya nondo, wengine mguu wa panzi. Ungewaona wanavyojenga, mwanangu! Hujipanga mstari kwenye ukingo wa jani, wakaliuma na kulivuta mpaka ligusane na jani la pili, na pengo likiwa kubwa hushikana viuno na kufanya mnyororo. Majani yakishakutana, wenzao huja wamebeba mabuu midomoni, na kila buu hutoa uzi wa hariri, nao humpeleka huku na huku kati ya majani hayo mawili mpaka yashikamane kama nguo iliyoshonwa. Nimeangalia kazi hiyo kwa saa mbili bila kuhisi kwamba nimekaa. Vidaka vinavyoanguka ninaviandika kila siku: mwaka ule wa dawa mwezi mmoja viliwahi kuanguka 41, na Oktoba iliyopita vimeanguka 6. Wananing'ata, hilo ni kweli, na wakati wa kuchuma maembe nakunja suruali ndani ya soksi na kujipaka majivu mikononi. Nimekubali. Dawa sitaipulizia tena katika ua huu nikiwa hai.

Chonga nao wapo, wale mende wakubwa wenye pembe wanaotoboa kilele cha mnazi, lakini hao nawatoa kwa waya wenye ncha, na gogo lolote lililooza nalichoma au kulipasua, kwa sababu ndimo wanamotaga.

Mwezi wa nane ndege mdogo aitwaye chozi alijenga kwenye kamba ya kuanikia nguo, hatua tatu kutoka mlango wa jiko. Ni jike peke yake aliyejenga, kwa majani makavu, sufi na utando wa buibui, kiota kikiwa kama soksi ndogo iliyotundikwa. Mama yako ndiye aliyeamua, kabla sijasema neno, kwamba nguo zitaanikwa kwenye ua wa mbele, na kwa karibu mwezi mzima majirani walizizoea shuka zetu. Hofu yetu kubwa ilikuwa kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakaenea pwani yote, na hula mayai na makinda ya ndege wadogo bila huruma. Vifaranga vya kuku nimevifunika kwa tenga, lakini chozi huwezi kumfunika, kwa hiyo tulikaa zamu barazani, mimi asubuhi na mama yako alasiri akichambua mchele, na kunguru akitua tunapiga kofi. Makinda yote mawili yaliruka. Nimeandika tarehe na saa.

Usiku una wenyewe. Taa ya baraza ikiwashwa mijusi kafiri hushika nafasi zao ukutani na kuanza kula mbu, na ikifika saa tatu komba hulia mwembeni kama mtoto mchanga. Mama yako aligombana nao sana kwa ajili ya mapapai. Siku hizi tumeafikiana, mimi na mama yako, kwamba mapapai mawili ya juu kabisa hatuyachumi, na ya chini tunayafunga kwa mifuko. Nikimulika tochi naona macho mawili makubwa mekundu, kisha naizima haraka, maana mwanga unawasumbua.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninalolithamini kuliko yote. Mwishoni mwa Mei, masika yakiisha, nilimwona kinyonga jike akishuka mpapaini polepole, tumbo limejaa. Alifika kwenye ardhi laini karibu na tuta la bamia, akaanza kuchimba kwa miguu yake ile. Watu wetu wengi wanamwogopa kinyonga, na vijana waliokuwa wakipita njiani walitaka kumpiga mawe, hivyo nikachukua mwavuli na kigoda, nikakaa mbali kidogo naye nikimlinda. Alichimba kuanzia saa nne asubuhi mpaka baada ya alasiri, mwili wake wote ukazama shimoni, akataga, kisha akafukia udongo na kuukanyagakanyaga mpaka mahali pale pakawa kama hapajaguswa. Rangi yake ilikuwa imefifia kwa uchovu. Alipanda mpapaini tena magharibi ikiingia, na mimi ndipo nilipokumbuka kwamba sikula mchana. Mayai ya kinyonga huyu hukaa ardhini miezi mingi, hata kukaribia mwaka, ndipo yaanguliwe, na mama huwa hayuko tena kuyasubiri. Nimeweka mawe manne kuzunguka mahali hapo. Jembe halifiki pale, na kuku nimewawekea wavu.

Basi umeuliza kama naona upweke. Mwaka wa kwanza, kabla sijajua kutazama, nilikuwa nao, hasa saa za asubuhi ambazo miguu ilitaka kwenda bandarini. Sasa saa hizo ndizo zilizojaa kuliko zote. Jioni wazee wenzangu huja kunywa kahawa barazani, na wawili kati yao wameanza kufunga kamba kwenye minazi yao.

Kuhamia Dodoma hatutahamia, mwanangu, na naomba usihuzunike. Kuja kukutembelea tutakuja, tena kwa furaha: tumepanga Februari, ambapo jirani atamwagilia mboga na kubadilisha maji ya karai, na mama yako ameshaanza kukausha dagaa wa kukuletea. Nitakuja na miche miwili ya mwarobaini niliyoiotesha mwenyewe, maana uliniambia uwanja wenu hauna kivuli.

Nanyi mje Desemba kama likizo itaruhusu. Mlete mtoto. Mbayuwayu waliokuja kutoka Ulaya wameshafika na jioni wanajaa kwenye nyaya za umeme, na maembe yatakuwa yameiva. Mkiingia usiku, pitieni mlango wa mbele, kwa sababu uani taa haifiki kwenye tuta la bamia, na mtu asiyejua anaweza kuyakanyaga yale mawe manne.

Wasalaam,
Baba yako