Kikombe cha shangazi, mbu na mashine ya kinyozi: mmeuliza, nawajibu

Wapendwa, meseji za wiki hii karibu zote zina woga uleule, kwamba ukikaa tu karibu na mtu mwenye virusi vya Ukimwi (VVU) basi na wewe umeshavipata. Nimechukua chache.

Dada nesi shkamoo. Shangazi anatumia ARV na amekuja kukaa kwetu, tunakula sinia moja na mwanangu wa miaka minne anapenda kumalizia chai yake. Mke wangu kamtengea kikombe na sahani. Tunakosea?

Marahaba kaka. Mnakosea, na naomba mrekebishe leo leo. VVU haviambukizi kwa mate, jasho, machozi wala kula pamoja, vinapita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama, basi. Mtoto amalizie chai yake kwa amani. Tena shangazi akimeza dawa vizuri mpaka kipimo kikaonyesha virusi havionekani, hata kwa kujamiiana hamwambukizi mwenza wake. Kitu ambacho ningekataza ni kumtafunia chakula mtoto mchanga, maana fizi zinaweza kuwa zinatoa damu, na hilo nawakataza hata wasio na virusi.

Niliwahi kumtembelea mama mmoja nyumbani kwao, nikakuta kikombe cha plastiki cha bluu kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono, kiko dirishani peke yake na vingine vyote viko kabatini. Akaniambia kila akiuona ule uzi hamu ya kula inaisha, na kweli alikuwa amekonda, dawa anazo ila chakula hakipiti. Mpaka leo nikiona kikombe cha bluu namkumbuka.

Mbu akimuuma mwenye VVU halafu akaniuma mimi je?

Hupati. Mbu akiuma anakuingizia mate yake, harudishi damu aliyonyonya kwa mwingine, na virusi vikiingia tumboni mwake vinasagwa kama chakula. Malaria ni tofauti kwa sababu vimelea vyake vinakua ndani ya mbu mpaka vinafika kwenye tezi za mate. Kwa hiyo lala kwenye neti kwa ajili ya malaria.

Kinyozi kanikwangua na mashine juzi damu ikatoka kidogo, sijalala tangu siku hiyo.

Pole sana mdogo wangu, lala. VVU vikitoka nje ya mwili na damu ikikauka vinakufa haraka, na mashine haina tundu la kubeba damu kama sindano. Ninachokiogopa mimi saluni ni virusi vya homa ya ini B, vile ni vigumu, vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 bado vina uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo dai wembe mpya na aisafishe mashine kwa dawa mbele yako. Ila mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mwingine asisubiri, akimbie hospitali ndani ya masaa 72 apewe dawa za kuzuia VVU.

Choo cha kukaa cha stendi?

Hakileti VVU. Nawa mikono na sabuni tu ukitoka.

Mwenzetu ofisini kakutwa na homa ya ini B, sasa watu hawamshiki hata mkono na wamemnunulia birika lake.

Nimeumia kusoma hii. Wengi mnachanganya na homa ya ini A, ile ndiyo inapita kwenye chakula na maji yenye kinyesi. B inapita kwenye damu, ngono, na mama kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kumpa mkono, kukumbatiana, birika, sahani, kiti, haiji kwa njia hiyo. Msichangie wembe wala mswaki, hata na ndugu yako wa damu. Halafu ina chanjo, watoto wetu wanachomwa kliniki wiki ya 6, 10 na 14, na mtu mzima ambaye hajachanjwa anapima kwanza halafu kwa kawaida anachoma dozi 3 ndani ya miezi 6. Nendeni mkapime wote ofisi nzima siku moja, na huyo mwenzenu mumrudishe kwenye birika la wote.