Ionyeshe tu The Cable Guy

Ndugu yangu, umesema Jumamosi ni zamu yako kuwachagulia marafiki filamu hapo Milimani, Kisumu. Umeitaka The Cable Guy ya 1996, nao wanakukatisha tamaa eti wahakiki waliiponda. Usiwasikilize.

Wengi walitarajia mwigizaji Jim Carrey yule yule wa filamu zake za awali za vichekesho, tena alikuwa amelipwa dola milioni 20, kwa hiyo macho yote yalikuwa kwake. Ben Stiller, mwelekezi, akawapa mtu wa kuogofya: fundi wa kuwaunganishia watu televisheni ya kebo, aliyelelewa na televisheni hiyo hiyo, asiyejua urafiki unakomea wapi. Tazama anapojialika kwenye mpira wa kikapu wa mteja wake. Anakanyaga mgongo wa mchezaji, anaruka kufunga, ubao wa kioo unavunjika vipande vipande. Unacheka, unaona haya kwa niaba yake, kisha unaanza kumwogopa, yote ndani ya dakika chache. Ustadi huo ni adimu sana!

Pia anatabiri kwamba watu watanunua vitu wakiwa nyumbani na kucheza gemu na rafiki aliye Vietnam. Wakati huo wangapi waliamini?

Usiwaahidi vichekesho vya kuvunja mbavu. Waambie wazi ni hadithi ya upweke, na si ya watoto. Samaki na ugali viliwe kabla, maana anayeingia na kutoka ataona visa tu, asione huyo fundi anavyobadilika. Wakimaliza, waulize kama walimwonea huruma. Mimi humwonea kila mara.