Kuingia kompyuta za matawini ukiwa mbali: kabla ya bei, jiulize nani amekaa upande wa pili

Mkuu, umesema una maduka 5 ya vifaa vya ujenzi, kompyuta 14, fundi mmoja ambaye ni mdogo wako, na unatafuta programu ya kusapoti matawi kwa mbali isiyokukamua kila mwezi. Majina ya programu umeshatajiwa mengi. Mimi naanza na swali ambalo lingeniokolea nauli nyingi kama ningeulizwa mapema: mdogo wako akitaka kuingia kwenye ile kompyuta, kuna mtu amekaa mbele yake au hakuna?

Nahudumia duka la dawa la jumla hapa Mwanza, lina matawi Magu, Sengerema na Geita. Nilianza na programu ya bure kama kila mtu. Siitaji jina, maana kosa lilikuwa langu: masharti yalisema bure ni ya matumizi ya nyumbani, mimi nikaipeleka dukani. Miezi ya mwanzo ikanivumilia. Baadaye ikanishtukia kuwa nafanyia biashara, ikawa inanikatia katikati ya kazi, na siku ya kufunga hesabu za mwezi ikagoma kabisa. Wakati ule daraja la Kigongo–Busisi halijaisha, kwa hiyo kwenda Geita ilikuwa ni kupanga foleni ya kivuko. Nimefika, kazi yenyewe imechukua dakika kumi.

Lakini hiyo haikuniuma kama siku ya kioo cheusi. Nimeingia kompyuta ya kaunta, naweka draiva ya printa ya risiti (kijiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuitumia printa), mara kioo changu kikawa cheusi tii. Nikampigia dada wa kaunta.

"Kaka, hapa imeniuliza Yes au No."

"Bonyeza Yes."

"Haikubali, inataka paswedi."

Paswedi ya msimamizi wa kompyuta ilikuwa kichwani kwangu tu. Nikamsomea herufi moja moja, yeye simu kaweka kwenye spika ili mikono iwe huru, wateja wamejipanga mbele yake. Jioni ile ile nikaibadilisha.

Sababu ni hii. Windows ikitaka ruhusa ya msimamizi, inafungua lile dirisha mahali pa pekee ambapo programu za kawaida hazifiki. Ukitumia programu uliyoipakua ukaiendesha hivi hivi bila kuisakinisha, dirisha hilo hutaliona. Programu ikiwa imesakinishwa kamili, inajiwasha pamoja na Windows hata kabla mtu hajaingiza paswedi, ndiyo inayoliona na kulijibu. Kwa hiyo programu yoyote utakayoletewa, jaribu hilo kwanza: sakinisha kitu kinachodai ruhusa, uone kioo chako kinafanya nini.

Sasa rudi kwenye swali langu. Kama mara zote kuna mtu kaunta, na shida zenu ni za "sioni faili langu" au "maandishi yamekuwa madogo", usilipe hata senti. Quick Assist ni ya Microsoft wenyewe, ipo kwa Windows 10 na 11. Anayesaidia anaingia na akaunti yake ya Microsoft, anapata namba ya siri, anamtajia wa upande wa pili, basi. Udhaifu wake ni kwamba bila mtu upande ule huingii, na lile dirisha la ruhusa linakusumbua vile vile.

Kama unataka kuingia saa mbili usiku duka limefungwa, ufanye nakala ya hesabu au masasisho bila kumsumbua mtu, hapo unahitaji kitu kilichosakinishwa. Matoleo ya bure ya TeamViewer na AnyDesk ni ya matumizi binafsi, kwa biashara unalipia. Ni programu nzuri, sizipondi. Ila kabla ya kulipia yoyote angalia wanahesabu nini. Wapo wanaotoza kwa idadi ya mafundi, wapo wanaotoza kwa idadi ya kompyuta. Wewe una fundi 1 na kompyuta 14, ukiingia kwa anayehesabu kompyuta umeumia. Halafu angalia kama ile bei ya mwezi iliyoandikwa kubwa inakatwa kwa mwaka mzima mara moja. Wengi wanaliona hilo kadi ikishakatwa.

Mimi niliishia RustDesk. Ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, haikuulizi kama ni nyumbani au dukani, na unaweza kuweka seva yako mwenyewe. Nimekodi seva ndogo ya mtandaoni, zile za kama dola 5 kwa mwezi, na hiyo ndiyo gharama yote. Seva ina vijiprogramu viwili: hbbs inayozikutanisha kompyuta, na hbbr inayopitisha picha pale kompyuta zikishindwa kuonana moja kwa moja. Kwenye ukuta wa moto (firewall) wa seva fungua port, yaani milango ya mtandao, za TCP 21115 hadi 21117, na ya UDP 21116. Hiyo UDP ndiyo watu wanaisahau, kisha wanalaumu programu. Kila kompyuta ya tawini unaiwekea anwani ya seva yako, ufunguo wa seva, na paswedi ya kudumu iliyo tofauti na ya mwenzake. Toleo la bure la seva halina daftari la pamoja la majina ya kompyuta, kwa hiyo namba ambazo RustDesk inaipa kila kompyuta nimeziandika kwenye karatasi, ipo ndani ya droo yenye kufuli. Kishamba, lakini inafanya kazi. Akitaka kila kitu ndani ya kivinjari na orodha ya kompyuta zote, mdogo wako ajaribu MeshCentral, nayo ni huria.

Kuna atakayekuambia, "Windows ina Remote Desktop yake, fungua port 3389 kwenye ruta, maliza." Usifungue. Kwanza, Windows Home inaruhusu kutoka tu, hairuhusu kuingiliwa. Pili, ruta nyingi za laini za simu hazipewi anwani yake peke yake ya intaneti, unagawana na wateja wengine wa mtandao ule, kwa hiyo hata ukifungua hakuna anayefika. Tatu, ikifikika ndiyo mbaya zaidi: wezi wanaitafuta 3389 dunia nzima usiku na mchana, wakiingia wanafunga mafaili yako na kudai pesa.

Kwenye usalama sina upande. Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza kuwa seva zao zimevamiwa, wakawaambia wateja wabadilishe paswedi. Mei mwaka huo huo Microsoft wakaeleza kuwa matapeli wanapiga simu wakijifanya mafundi na kuingia kwa watu kupitia Quick Assist. Seva yangu nayo nisipoisasisha itanigeuka. Wafanyakazi wangu nimewapa sheria moja: fundi ni mimi, nikipiga simu sauti yangu mnaijua, mwingine yeyote akiomba namba ya kwenye kioo kata simu unipigie.

Bado umeme. Programu iwe ya bure au ya dola 500, umeme ukikatika na kurudi kompyuta ikabaki imezimika, hakuna cha kuingia. Kwenye kompyuta za mezani ingia BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe, unaifungua kabla Windows haijawaka), tafuta kipengele cha nini kifanyike umeme ukirudi, kiweke kiwashe. Jina linatofautiana kulingana na bodi, nyingi wanaandika AC Power Loss. Zima pia kulala kwa kompyuta kwenye mipangilio ya Windows. Ruta nayo iwe kwenye UPS, lile betri la akiba. Mambo haya matatu yamenipunguzia safari za Sengerema kuliko programu yoyote.

Na bando: ukiwa ndani ya kompyuta ya tawi shusha ubora wa picha, ondoa picha ya ukutani, na usirushe faili kubwa mchana wakati kaunta inatoa risiti za EFD kwa laini hiyo hiyo.

Usianze na zote 14. Chagua kompyuta 2, moja ya tawi lenye mtandao mbovu kuliko yote. Sakinisha, kisha chomoa waya wa umeme ukutani, urudishe, mtoke dukani mfunge mlango. Mdogo wako akae hata kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, awashe bando la simu yake, aingie na aweke draiva yoyote mpaka mwisho. Akifanikiwa, endelea na zilizobaki. Akikwama aje hapa na maneno yaliyotokea kwenye kioo kama yalivyo, nitamsaidia kesho. Leo nakimbilia Magu, printa imetafuna karatasi.