Anzeni Ayasofya

Dada, maadam mna siku moja tu Istanbul na kundi zima kutoka Chake, muanzie Ayasofya, asubuhi kabla foleni haijarefuka. Jengo hilo lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likageuzwa msikiti 1453, baadaye makumbusho, na tangu 2020 linasaliwa tena. Mkiingia tazameni mihrabu: imekaa kombo kidogo, hailingani na ukuta nyuma yake, kwa sababu jengo halikuelekezwa kibla tangu mwanzo. Mimi niliganda hapo mpaka kiongozi wetu akaja kunivuta mkono, wallahi! Msikiti wa Sultan Ahmed uko ng'ambo ya bustani tu, adhuhuri isalini huko. Topkapi, kasri la zamani la masultani, lina mengi, ila hufungwa Jumanne. Na wazee wenu msiwakimbize.