Mnaoanza ngumi Tanga, nunueni mizani kabla ya glavu

Wadogo zangu mnaokuja mazoezini na glavu mpya, swali lenu la kwanza huwa ni lile lile: "Kocha, nitapigana lini?" Mimi nauliza una kilo ngapi. Wengi hawajui.

Uzito wenu, wa unyoya (featherweight), katika ngumi za kulipwa unaishia kilo 57.15. Ukizidi gramu 200 siku ya kupima, jiandae kukatwa hela au pambano kuvunjika.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Nilipigiwa simu mara tu baada ya Ramadhani, pambano Dar, wiki mbili zijazo. Nilikuwa na kilo 63. Futari za Ngamiani mnazijua: mihogo ya nazi, tambi, mkate wa kumimina, na kila nyumba unakaribishwa. Pambano nikalikubali. Nikawa nakimbia Raskazone jua la mchana na koti la nailoni, siku mbili za mwisho sikugusa maji. Kwenye mizani nikapita, nikapigiwa makofi.

Kesho yake, raundi ya tatu, miguu ikagoma. Ngumi naiona inakuja, akili inasema inama, mwili unachelewa. Raundi ya tano wasaidizi wa kona yangu wakarusha taulo, yaani wakakubali nimeshindwa. Daktari alinigombeza sana: maji uliyojikamua hayarudi yote kwa usiku mmoja, na kichwa cha mtu aliyekauka kiko hatarini zaidi kinapopigwa.

Ndiyo maana nawachosha na habari za Azumah Nelson wa Ghana. Julai 1982 aliitwa ghafla New York kuziba nafasi ya bondia aliyeumia, na aliyemsubiri ulingoni ni Salvador Sánchez wa Mexico, bingwa wa dunia wa uzito huu. Wengi hawakumjua Nelson. Walikwenda mpaka raundi ya 15 ndipo mwamuzi akasimamisha. Alipoteza, ila hakuna aliyemsahau tena. (Sánchez, maskini, alikufa kwa ajali ya gari mwezi uliofuata, ana miaka 23 tu.) Desemba 1984 Nelson akamfuata Wilfredo Gómez kwao Puerto Rico, akamwangusha raundi ya 11 na kuondoka na mkanda wa dunia wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia. Simu ya ghafla kama ile ingemkuta mtu wa kilo 65, angetumia siku zote kujikamua jasho.

Najua mtanitajia bondia Hassan Mwakinyo. Kweli, mtoto wa Tanga, mwaka 2018 alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, na mji mzima ukatamba. Lakini yule si wa uzito wenu. Msijaze ugali mkitafuta nguvu zake. Willie Pep wa Marekani, bingwa wa unyoya miaka ya 1940, alishinda mapambano 229, na mengi aliyapata kwa pointi, kwa miguu na kukwepa.

Basi jipime kila asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, uandike daftarini. Hata kama huna pambano, usivuke kilo 60. Samaki kula. Zile chapati za saa nne usiku ndizo adui.

Mizani ya klabu iko nyuma ya mlango, karibu na ndoo ya maji. Atakayekuja kesho aipande kwanza, ndipo afunge bandeji.