Kutambaa: makalio na visigino ndivyo vinavyokuumbua

Kuruta, kabla hujalala chini angalia kwanza kinachokusitiri. Tuta lisilofika hata sentimita 30 linataka ujilaze kabisa. Ukiwa nyuma ya ukuta mfupi au kichaka, tambaa kwa viwiko na magoti: utafika upesi na pumzi itakubakia.

Kwenye kujilaza ndiko wengi wanakokwama. Kifua, tumbo na shavu viguse ardhi. Shika mkanda wa bunduki pale unapofungwa mbele, bunduki ilale juu ya kigasha, mdomo wa mtutu usiguse udongo. Nyoosha mikono mbele, kunja mguu wa upande unaofyatulia, kisha vuta kwa mikono huku ukisukuma kwa mguu huo. Goti lipite pembeni likiwa limelala. Ukilipitisha chini ya tumbo, makalio yanapanda, na aliye mbele yako haoni kingine. Sukuma kwa ubavu wa ndani wa buti. Ukitumia ncha ya vidole, kisigino husimama kama kigingi. Mguu ukichoka, badilisha.

Kwa viwiko na magoti, uzito ukae kwenye vigasha na miundi, bunduki ikipakatwa mikononi. Kiwiko cha kulia kiende na goti la kushoto, halafu kinyume chake. Magoti yabaki nyuma ya makalio.

Nyasi ndefu zina hila yake. Mwili haumo machoni pa mtu, lakini vilele vinatikisika na kuchora mstari. Ngoja upepo uvume ndipo usogee, na kila baada ya mwendo kidogo geuza uelekeo. Ndege wakiruka ghafla, ganda hapo hapo. Usiku, papasa mbele kwa vidole uondoe vijiti vikavu kabla kiwiko hakijavikanyaga.

Mfukoni usibaki na funguo wala sarafu. Chupa ya maji ijae pomoni au iwe tupu, kwani maji ya nusu hucheza na kusikika.

Ukifika, chungulia ubavuni mwa kificho, kamwe si juu yake. Na kama mtutu uligusa tope, usifyatue: toa risasi zote, kisha uuzibue. Ulioziba unaweza kupasuka usoni pako.