Steen ni nani, na Chenin ni nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mhudumu wa hoteli huku Shanzu, huu mwezi wangu wa tano kazini. Juzi mgeni kutoka Cape Town aliagiza waini nyeupe, akataka "Steen". Nikamwambia hatuna. Akachukua orodha, akacheka, akaweka kidole penye Chenin Blanc: "Hii hapa." Meneja wangu anasema Steen ni namna ya kutengeneza, mpishi anashikilia ni jina la shamba. Nani mkweli? Na zabibu hii asili yake wapi?
Mhudumu, Shanzu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliyepata ni mgeni. Steen na Chenin Blanc ni mzabibu mmoja, kama Abdalla wa kwenye kitambulisho ambaye mtaani ni Dula.

Kwao ni Ufaransa, bonde la mto Loire, pande za Anjou. Ukiona Vouvray au Savennières kwenye orodha, ujue ndani mna Chenin hata kama neno lenyewe halikuandikwa. Wafaransa hupenda kutaja mahali na kuficha zabibu, tabia iliyonitesa miaka mingi.

Huko Rasi, yaani Cape ya Afrika Kusini, mizabibu ya kwanza ilipandwa 1655, enzi za Jan van Riebeeck, mkuu wa Waholanzi pale, na waini ya kwanza ikapatikana Februari 1659. Inaaminika Chenin ilikuwa miongoni mwa miche ya mwanzo mwanzo. Jina la Kifaransa likapotea, likabaki Steen. Watu wameulima vizazi na vizazi bila kujua ukoo wake, hadi miaka ya 1960, mtaalamu wa Stellenbosch aitwaye Orffer alipoulinganisha na ule wa Loire akakuta ndio huo huo. Leo Afrika Kusini ina Chenin nyingi kuliko Ufaransa.

Vipimo vya vinasaba navyo vimeonyesha mzazi wake mmoja ni Savagnin, mzabibu mkongwe, ambaye pia ni mzazi wa Sauvignon Blanc. Basi hizo chupa mbili unazozipanga pamoja kwenye friji ni ndugu.

Ladha ya waini yenyewe usiniulize. Nimefungua chupa miaka 29 kule Nyali na sijatia tone ulimini. Dini yangu hairuhusu. Nilisoma nyuso za wageni. Wa Chenin kavu, yaani isiyo na utamu, hukunja midomo kidogo, kisha huinua gilasi tena. Ni ule uchachu, na ndio unaoiwezesha zabibu hii kutoa waini kavu, tamu, hata ya mapovu.

Ila tunda nimelila. Shemeji yangu yuko Dodoma, akanipeleka Hombolo kwa rafiki yake mwenye shamba. Kule hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo wanaupogoa, unachipua upya, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Nikapewa kishada cha Chenin: punje zimebanana, kijani inayoelekea manjano, ganda jembamba, kokwa ndani. Utamu ulitangulia, halafu uchachu ukanivuta mashavu. Nikajikuta nimekunja midomo vile vile kama wageni wangu wa meza ya 11. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Mgeni wako akirudi, mpe ikiwa baridi, isiwe barafu, na umtajie samaki wa kupaka; wangu walikuwa wakiagiza hivyo. Meneja naye mweleze kwa adabu, mkiwa wawili tu, mpishi asiwe karibu.